Kuiga mtiririko wa resini kwa bawa la droni linalotengenezwa Nakuru

Utengenezaji wa ganda la bawa kwa mfuko wa vakyumu (kitambaa hufungwa chini ya plastiki, pampu hunyonya hewa, na resini, gundi ya majimaji inayoganda, huingia kukilowesha) uigwe kwanza kwenye kompyuta, na uigwe kwa hewa ya mahali utakapofanyia kazi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo shinikizo la hewa ni takriban 81 kPa (kilopaskali). Kisumu ni kama 88. Hewa hiyo ndiyo inayosukuma resini. Ukiingiza 101 kPa ya pwani, modeli itakudanganya.

Anza na lahajedwali. Muda wa kujaa = (uwazi × mnato × urefu²) ÷ (2 × upenyezaji × tofauti ya shinikizo). Uwazi ni sehemu ya kitambaa iliyo tupu, mnato ni uzito wa resini katika kutiririka, na upenyezaji ni urahisi wa kitambaa kupitisha resini. Chukua uwazi 0.5, mnato 0.3 Pa·s, urefu mita 0.5 na upenyezaji 1×10⁻¹⁰ m². Kwa 100 kPa utapata dakika 31. Kwa 80 kPa, dakika 39. Urefu ukifika mita 1, muda unapanda mara 4, saa mbili na nusu na zaidi, na resini inayoganda kwa saa moja haifiki. Ingizia resini katikati na utarudi kwenye dakika 39.

Upenyezaji upime mwenyewe. Kata ukanda wa kitambaa kilekile, idadi ileile ya tabaka, ufunge chini ya plastiki inayoonyesha ndani, weka alama kila sentimita 5 na uandike resini inapita kila moja saa ngapi. Chora mraba wa umbali dhidi ya muda: mteremko wa mstari ulionyooka, ukiuingiza kwenye fomula ya juu, ndio unaokupa jibu. Mstari ukijikunja kuelekea chini, resini imeanza kuganda au mfuko unavuja.

Sasa ingia modeli ya vipimo viwili (urefu na upana). Ukingoni weka ukanda wa milimita 5 wenye upenyezaji mara 10 hadi 100 ya ule wa kitambaa, maana kitambaa hakikazi vizuri pembeni na resini hukimbilia mwanya huo. Ikizunguka na kufika kwenye tundu la pampu kabla katikati hapajalowa, panabaki doa kavu. Jaribu mwanya upande mmoja, kisha mwingine, kisha pande zote. Tundu liweke pale resini inapofika mwisho kabisa.

Jua la Kisumu hulainisha resini lakini huiwahisha kuganda, hivyo mnato uingize kwa joto halisi la chumba.

Siku ya kazi, geji ikisimama −0.8 bar (80 kPa chini ya hewa ya nje) Nakuru, pampu imefika mwisho wake. Uvujaji utauona ukifunga vali na kuutazama mshale kwa dakika 10.