Java inakusumbua? Soma kwanza huo ujumbe mwekundu

Swali linalorudi kila siku kwa wanaoanza Java, lugha ya kuandikia programu, ni lile la "kodi yangu imegoma nisaidieni" (kodi hapa ni code, maandishi ya programu), afu mtu anabandika mistari mia mbili ya kodi ila ule ujumbe wa kosa uliotoka kwenye skrini kauacha, na huo ujumbe ndo ulikuwa na jibu lenyewe. Java ikikataa kitu huwa inaeleza kirefu sana, tatizo watu wanaona maandishi mekundu mengi wanaogopa wanafunga dirisha. Kwahiyo tuanzie hapo, manake ukishajua kusoma ule ujumbe nusu ya maswali mengine utayajibu mwenyewe.

Tuseme una klasi (class, yaani mchoro wa kitu) kama hii:

class Mwanafunzi {
    String jina;

    int urefuWaJina() {
        return jina.length();
    }
}

Kwenye klasi nyingine, tuiite Mfumo, ukatengeneza mwanafunzi bila kumpa jina, ukaita urefuWaJina(), utapata kitu kama hiki:

Exception in thread "main" java.lang.NullPointerException: Cannot invoke "String.length()" because "this.jina" is null
    at Mwanafunzi.urefuWaJina(Mwanafunzi.java:5)
    at Mfumo.main(Mfumo.java:9)

Mstari wa kwanza unakwambia kosa ni la aina gani na nini hasa kimetokea, hapa jina ni null, yaani halijashika kitu chochote, na huwezi kumuuliza asiyekuwepo urefu wake. Hiyo mistari inayoanza na at inakuonyesha nani kamwita nani: ya juu ndo kodi ilipofia, ya chini yake ndo iliyoiita, na kuendelea. Ile 5 baada ya Mwanafunzi.java ni namba ya mstari, nenda kwenye edita mstari wa 5 uangalie. Ukikuta msururu mrefu umejaa java.util na vitu vya maktaba usivyovijua, usihangaike navyo, shuka hadi ukute mstari wa kwanza wenye jina la klasi uliyoandika wewe. Na kama kuna mahali pameandikwa Caused by, ruka moja kwa moja mpaka ile Caused by ya mwisho kabisa, chanzo mara nyingi kiko pale, vya juu ni mwangwi tu.

Sasa hapa ndo wengi wanateleza. Kodi imefia mstari wa 5 lakini mstari wa 5 hauna kosa, kosa liko kule kwenye mstari wa 9 wa Mfumo.java au kabla yake, kule ambako mtu alitakiwa ampe mwanafunzi jina na hakumpa. Ukikimbilia kuweka if (jina != null) pale pale utanyamazisha kosa, programu itaendelea na mwanafunzi asiye na jina afu itakuja kuharibika mbele huko ambako huelewi tena. Jiulize kwanza: huyu null kaingilia wapi? Mara nyingi dawa ni kudai jina kwenye konstrakta (ile sehemu inayotengeneza mwanafunzi mpya) tangu mwanzo. Na hayo maelezo ya "because this.jina is null" yalikuja na Java 14, kuanzia 15 yanatoka yenyewe bila kuwasha chochote, ukiwa bado na Java 8 unaambiwa tu NullPointerException na namba ya mstari, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kupandisha toleo kama huna kinachokufunga.

Makosa ya wakati wa kukompaili (kugeuza kodi iwe faili za .class zinazoendeshwa) ni marahisi zaidi. Sheria ni moja, rekebisha kosa la kwanza tu afu kompaili tena, manake alama moja iliyosahaulika inaweza kuzaa makosa ishirini ya uongo. "cannot find symbol" ni jina umelikosea, au herufi kubwa na ndogo (string sio String), au umesahau import. "reached end of file while parsing" kuna mabano } hujayafunga. "class X is public, should be declared in a file named X.java", basi badilisha jina la faili lifanane na klasi, hamna siri nyingine.

Kuna wale ambao hata hawajafika huko, wakiandika javac (amri ya kukompaili) terminali, lile dirisha la kuandikia amri, inasema haiijui. Hapo Java yenyewe inaweza kuwa ipo ila folda ya bin ya JDK (kifurushi cha zana za Java) haipo kwenye PATH, ile orodha ya folda ambamo terminali inatafuta amri. Iweke, afu funga terminali ufungue mpya, hii ya kufunga na kufungua watu wanaisahau sana wanadhani wamekosea njia. Hakikisha java -version na javac -version zinatoa namba moja, zikitofautiana ndo utakutana na UnsupportedClassVersionError, maana yake kodi imekompailiwa na Java mpya afu inaendeshwa na Java ya zamani. Ujumbe wake una namba za ajabu lakini zinasomeka: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Na ukipata "Could not find or load main class" angalia kama umeandika java Mfumo.class, hiyo .class haiandikwi, ni java Mfumo basi. Kama klasi ina package (kundi la klasi, linalokaa kwenye folda yake), tuseme package shule, simama kwenye folda iliyo juu ya shule uandike java shule.Mfumo. Kwa programu ya faili moja, tangu Java 11 unaweza kuandika java Mfumo.java ikajikompaili na kujiendesha hapo hapo.

Haya, tuje kwenye == maana hii inawatoa watu jasho. Unasoma jibu la mtumiaji, kaandika ndiyo, wewe una if (jibu == "ndiyo") na haiingii kamwe. Alama == kwenye objekti (kitu kilichoundwa kutokana na klasi) inauliza kama ni kitu kile kile kimoja kwenye memori, haiulizi kama maandishi yanafanana. Stringi iliyotoka kwenye kibodi ni objekti nyingine kabisa hata kama herufi ni zile zile. Tumia equals, na mimi napenda kuiandika kwa kugeuza, "ndiyo".equals(jibu), kwasababu hata jibu likiwa null haipasuki. Kinachochanganya ni kwamba ukijaribu String a = "ndiyo"; String b = "ndiyo"; afu a == b unapata true, kwasababu Java stringi zilizoandikwa ndani ya kodi inazihifadhi nakala moja tu wanashea. Mtu anajaribu hivyo, anaona inafanya kazi, anaenda zake. Integer nayo ina mchezo huo huo: Integer x = 127, y = 127; ukilinganisha kwa == ni true, weka 128 inakuwa false, manake Java inatunza tayari zile za kuanzia -128 hadi 127 na kuzidi hapo inaunda mpya. Mambo kama haya yanapita majaribio yote afu yanaanguka data halisi zikija. Na ukijiandikia equals kwenye klasi yako andika na hashCode, la sivyo HashMap na HashSet (vihifadhio vinavyotafuta vitu kwa hashCode) zitakataa kukutafutia kitu ulichoweka mwenyewe. Au tumia record (klasi fupi ya kubeba data) kama una Java 16 kwenda juu, vyote viwili unapewa bure.

Scanner sasa, klasi ya kusomea anachoandika mtumiaji. Hii hapa, sc ni Scanner ya System.in, yaani kibodi:

int umri = sc.nextInt();
String jina = sc.nextLine();

Unaingiza umri, afu programu inaruka kabisa swali la jina. Haijaruka, imesoma. nextInt imechukua tarakimu tu ikaacha ile Enter uliyobonyeza, nextLine ikaikuta pale, ikaona mstari umeisha, ikakupa stringi tupu. Watu wanashauriana kuongeza sc.nextLine() nyingine katikati, inafanya kazi ila utaisahau siku moja. Bora usome kila kitu kwa nextLine ugeuze mwenyewe:

int umri = Integer.parseInt(sc.nextLine().trim());

Mtumiaji akiandika herufi badala ya namba utapata NumberFormatException, ikamate kwa try na catch, mwambie arudie. Ukibaki na nextInt ndani ya while ukakamata InputMismatchException bila kulitoa lile neno baya, lupu itazunguka milele kwasababu neno bado lipo pale pale kwenye foleni. Kingine, tengeneza Scanner moja tu ya System.in kwa programu nzima, ukifunga moja umefunga na System.in, ya pili itakulilia NoSuchElementException.

Hesabu: 5 / 2 ni 2, manake int ni namba nzima tu, double ndo yenye desimali. Hata ukiandika double wastani = jumla / idadi; bado desimali imeshakatwa kabla haijafika kwenye double, andika (double) jumla / idadi. int inaishia 2147483647, ukiongeza moja inageuka kuwa hasi -2147483648 kimya kimya bila kosa lolote, tumia long au Math.addExact ambayo angalau inapiga kelele. Na hela usiweke kwenye double, 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004, tumia BigDecimal na uipe stringi, new BigDecimal("0.1"), ukimpa 0.1 bila alama za nukuu umemkabidhi kosa lile lile.

Kuondoa vitu kwenye listi ukiwa ndani ya for-each (lupu inayopitia kitu kimoja kimoja) kunaleta ConcurrentModificationException, hiyo wengi wanaijua. Wasichojua ni kwamba kwenye ArrayList ukiondoa kitu cha pili kutoka mwisho kosa halitoki, lupu inaisha mapema na kile cha mwisho hakiguswi kabisa. Kwahiyo "mbona kwangu inafanya kazi" isikudanganye. Tumia listi.removeIf(m -> m.jina == null), ipo tangu Java 8. Na kwenye List<Integer>, listi.remove(3) inaondoa kilicho nafasi ya 3 wala sio namba 3, ukitaka namba yenyewe andika listi.remove(Integer.valueOf(3)).

"non-static method cannot be referenced from a static context": main ni static (ya klasi nzima, inaitwa bila objekti), metodi yako sio, basi unda objekti kwanza, new Mfumo().anza(), kazi nyingine zote ziendelee humo ndani. Kubandika static kila mahali kunaondoa kosa, ila utajuta ukihitaji wanafunzi wawili wote wanashea jina moja.

Na tafadhali usiandike catch (Exception e) {} tupu, hapo umeuzima ule ujumbe wote tuliokuwa tunausoma huko juu, angalau weka e.printStackTrace().

Ukikwama kabisa ukaamua kuuliza mtu, punguza kodi mpaka ibaki ile ndogo inayoleta kosa bado (nusu ya watu wanalipata hapa hapa), bandika ujumbe mzima kama maandishi sio picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, sema ulitegemea nini kitoke na kimetoka nini, na utaje namba ya java -version.