SOMO: Kuiendesha fokasi ya leza kwa kasi unayoitaka

Wakuu, lenzi ya kawaida hukusanya mwanga sehemu moja, basi. Leo tunataka fokasi, yaani nukta hiyo mwanga unapokusanyika, itembee. Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kilionyesha jambo hili kwa majaribio mwaka 2018, na hesabu yake utaiweza kichwani.

Hatua ya 1: Chukua mpigo mfupi wa leza, yaani mmweko mmoja, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 800 katikati, na upana wa nanomita 30 toka wimbi fupi hadi refu. Nikisema "nyekundu" namaanisha wimbi refu, "bluu" wimbi fupi.

Hatua ya 2: Upitishe kwenye lenzi bapa ya difrakshoni, yaani inayopinda mwanga kwa mistari myembamba iliyochongwa juu yake. Kinyume na lenzi ya kioo, hii huipinda nyekundu zaidi, hivyo nyekundu hukusanyika karibu na bluu mbali. Kwa lenzi inayokusanya mwanga umbali wa milimita 80: 80 × 30 ÷ 800 = milimita 3. Hiyo ndiyo njia ya fokasi yetu.

Hatua ya 3, na hapa ndipo penyewe: Tandaza mpigo kwa jozi ya gretingi (vibao vyenye mistari myembamba inayotenganisha rangi) ili rangi zifike kwa kupokezana. T ni muda, kwa pikosekunde (sehemu ya trilioni ya sekunde), ambao bluu inachelewa nyuma ya nyekundu. Mwanga hukata milimita 3 kwa pikosekunde 10, basi:

kasi = milimita 3 ÷ (10 + T)

T ikiwa +10, fokasi inakwenda nusu ya kasi ya mwanga. Ikiwa −5, mara mbili yake. Ikiwa −10, njia nzima inawaka kwa pamoja. Ikiwa −20, fokasi inarudi kinyumenyume kuelekea kwenye lenzi.

Chungeni sana alama ya T, chanya au hasi! Gretingi mbili sambamba hutanguliza bluu, yaani T hasi. Ukitaka chanya, weka darubini ya lenzi mbili kati yake.

Swali: Mkuu, mara mbili ya mwanga? Einstein aliyesema hakuna kinachoupita mwanga je?

Jibu: Yuko salama. Mwanga unaowaka mwisho wa njia si ule uliowaka mwanzo. Ni rangi nyingine iliyotangulia kutoka. Mashabiki uwanjani wakisimama kwa zamu, wimbi linazunguka na hakuna aliyehama kiti.

Swali: Mpigo unabaki mfupi kila nukta?

Jibu: Hapana, ndugu, na hiyo ndiyo gharama yake. Kila nukta hupata kipande chembamba cha rangi, na kipande chembamba hakitoi mpigo mfupi. Ukiuhitaji, tumia kioo cha kuakisi kinachokusanya kila duara la miale kwa umbali wake, rangi zote zikiwa pamoja.

Swali: Nani anahitaji fokasi inayotembea?

Jibu: Wanaosukuma elektroni kwa wimbi ambalo mpigo wa leza huliacha nyuma yake ndani ya plazma (gesi ambayo elektroni zimeng'oka kwenye atomi). Humo mpigo hupungua kasi, elektroni zinakwenda kasi kuuzidi, zinaipita sehemu ya wimbi inayozisukuma na kuanza kupoteza nishati. Fokasi ikienda sawa nazo, zinaendelea kusukumwa.