Spea za moto za Vespa ya zamani: pima kwanza, pesa itoke baadaye

Mtoto wa dada yangu kaachiwa Vespa na babu yake, Sprint ya miaka ya 70, na wiki mbili hizi kila jioni alikuwa ananijia na spea mpya mkononi. Mara plagi, mara koili, mara platini (ile swichi ndogo ya vidoto viwili inayofungua na kufunga umeme wa moto), na chombo kikitoka Mwanakwerekwe kikifika Tunguu kinazima, akisubiri nusu saa kinawaka kama hakijaumwa kitu. "Mjomba, nishabadilisha kila kitu." Nikamuuliza kapima nini, akanyamaza. Basi tukaanza upya pamoja, na haya ndo tuliyoyafanya, naandika kwa mpangilio kwa sababu najua Unguja hapa tuko wengi wenye vyombo hivi na spea zinazoingia siku hizi zinatutesa.

Nazungumzia moto wa plagi, ile cheche inayowasha injini, na Vespa kubwa tu, yaani Sprint, VBB, na PX. Za Bajaj na LML za India zimetoka kwenye ukoo huo huo kwa hiyo mengi yanaingiliana, ila sio yote, na hapo ndo watu wanapoliwa pesa.

HATUA YA 1: Soma namba ya injini

Usiende dukani ukasema "nataka platini ya Vespa". Soma namba. Kwenye bodi kuna herufi zinaishia na T, kwenye injini zinaishia na M. VLB1M ni injini ya Sprint 150, VLX1M ni P150X, VNX1M ni P125X, VSX1M ni P200E. Namba ya injini imegongwa kwenye mkono wa injini, nyuma karibu na shokapu, utaikuta imejaa mafuta na vumbi, pangusa kwa petroli na brashi. Unachofuata ni injini kwa sababu vyombo vyetu vimeshabadilishwa injini mara ngapi huko nyuma, bodi ya Sprint ina injini ya PX ndani, na mwenye chombo hajui mpaka siku anaponunua spea haiingii.

Na kingine, ujue kama ni ya platini au ya CDI, yaani moto wa kielektroniki usio na platini. Fungua kava la feni, angalia flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku ndani. Ya platini ina madirisha, ukichungulia unaziona platini ndani. Ya CDI ina boksi pembeni ya injini linatoka waya wa plagi moja kwa moja, na waya nyekundu, nyeupe na kijani zinaingia humo.

HATUA YA 2: Ona moto kwa macho

Toa plagi, iweke kwenye kofia yake, igusishe kwenye bodi, piga kiki kivulini. Hii kila mtu anaijua. Ila fanya mara mbili, injini baridi na injini ikiwa imeshazima njiani kwa joto, palepale. Baridi ilikuwa na moto mzuri wa bluu, Tunguu ulikuwa hamna kabisa. Hiyo peke yake imeshakwambia kabureta haihusiki, lakini kijana alikuwa ameshaifungua mara tatu.

HATUA YA 3: Plagi na kofia

Plagi za feki zimejaa. Mimi natumia NGK B7HS, na kwa anayekwenda polepole mjini tu B6HS inatosha. Hiyo H usiichezee. H maana yake uzi wa plagi una urefu wa milimita 12.7, ikiandikwa B7ES basi uzi ni milimita 19 na ukiifunga kwenye Vespa ya kawaida inakwenda kugonga pistoni. Kipenyo ni kilekile kwa hiyo inaingia vizuri tu mpaka upige kiki.

Kuijua ya kweli shika ile washa ya chini, ile ringi ya chuma kwenye uzi, jaribu kuizungusha uitoe kwa vidole. Ya NGK haitoki kwa kuzungusha, imebanwa. Angalia na maandishi kwenye kauri yawe makali hayajatawanyika wino, na namba iliyogongwa kwenye chuma cha pembe sita iwe safi. Ikiwa na shaka irudishe. Nafasi inaporuka cheche weka milimita 0.6.

Kofia nayo ipime kwa mita ya umeme, ya NGK ya ohmu elfu 5 isome karibu na elfu 5. Ikisoma elfu 20 au isisome kitu tupa. Waya wa plagi uwe wa shaba ndani, kata nusu sentimita mwishoni palipoliwa na kutu ya kijani, pwani hapa chumvi inapanda ndani ya waya kimyakimya.

HATUA YA 4: Platini

Hapa nina msimamo. Ukipata platini za zamani ambazo hazijatumika, zilizokaa kwenye boksi tangu enzi hizo, za Effe ya Italia au Bosch, nunua hata mbili uweke. Zikiwa na ukungu juu ya vidoto vya kugusana, pitisha karatasi safi yenye spiriti mpaka itoke nyeupe, zitafanya kazi miaka. Za kisasa za bei rahisi shida yake iko kwenye kile kisigino cheusi kinachosugua kemu, ile sehemu inayozunguka na kuzifungua platini. Ikamate mkononi ukwaruze kisigino kwa kucha, kama unaacha alama usinunue, maana kitalika haraka, nafasi inafunga, na taimingi, yaani wakati wa moto kutoka, inachelewa kidogo kidogo mpaka chombo kinakuwa kizito mlimani na mtu anaanza kulaumu pistoni.

Nenda dukani na platini yako ya zamani mfukoni. Zilaze pamoja, tundu la ekseli lilingane, urefu wa mkono ulingane, na vile vidoto viwili vikikutana vikutane uso kwa uso, sio pembe kwa uso. Duka lisilokuruhusu kulinganisha ondoka.

Nafasi ni kati ya milimita 0.3 na 0.5, mimi naweka 0.4, kupitia dirisha la flaiwili na fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi. Halafu weka grisi kidogo, kidogo sana, kwenye kile kitambaa kinacholamba kemu.

HATUA YA 5: Kondensa

Hapa kaa chini maana ndipo zilipokwenda wiki mbili za kijana, na mimi miaka ya nyuma zilinipotea siku tisa na safari ya Nungwi iliyoishia kusukuma.

Kondensa ni kile kikopo kidogo kwenye sahani ya koili, nyuma ya flaiwili. Kazi yake platini zikifunguka umeme usiruke pale kwenye platini, uende kwenye koili ukatoe moto kwenye plagi. Ikiwa mbovu, moto unabaki kwenye platini. Ndo maana usiku ukiwasha injini ukachungulia dirishani ukaona cheche kubwa za manjano kwenye platini, umeshapata jibu. Cheche ndogo mara mojamoja sio tatizo. Alama nyingine toa platini uziangalie, kidoto kimoja kina kishimo na cha pili kina kilima, kondensa haifanyi kazi yake.

Sasa kinachowapoteza watu ni kwamba kondensa inakufa kwa joto. Ikiwa baridi nzuri kabisa. Imefungwa ndani ya flaiwili, hewa ya moto, mafuta, na injini ya tu-stroki yenyewe inachemka, kondensa mbovu ikipata joto inavujisha umeme, chombo kinazima, ikipoa inarudi. Kwa hiyo mtu ananunua koili, anafunga, kwa muda huo injini imeshapoa, inawaka, anasema koili ndo ilikuwa mbovu. Kesho Tunguu tena.

Kijana alishabadilisha kondensa pia! Mara mbili. Na hilo ndo linaloumiza, zile mpya nyingi zimetengenezwa vibaya tangu kiwandani, zinatoka kwenye boksi zuri lenye rangi na zinakufa wiki ileile. Mimi niliwahi kununua tatu za boksi moja zote zikawa na ugonjwa mmoja, ndo nikajua kumbe kubadilisha mpya kwa mpya hakuthibitishi kitu.

Na usikimbilie ya zamani iliyokaa kwenye boksi. Nimesema platini za zamani nunua, kondensa ya zamani usinunue, hata kama ni ya Italia na boksi lina muhuri. Ndani yake kuna karatasi na inavuta unyevu hata ikikaa kabatini, miaka 40 kwenye kabati la pwani imeshakwisha bila kutumika.

Kupima kwa mita kunasaidia nusu. Mita yenye kipimo cha kondensa itakwambia ni mikrofaradi ngapi, iwe kama 0.2 mpaka 0.3. Ukiipasha kwa drai ya nywele ukaona namba inatembea, tupa. Lakini ikisoma vizuri usishangilie, kwa sababu mita inapima kwa volti chache za betri yake, na platini zikifunguka kondensa inakula volti mia mbili na zaidi. Inaweza ikapita kwenye mita ikafeli kwenye kazi. Za kwetu zile tatu zote zilipita kwenye mita.

Dawa niliyokuja kuiamini ni kuitoa kondensa ndani ya flaiwili moja kwa moja. Nenda kwa fundi redio, sio duka la spea, muombe kondensa ya filamu ya mikrofaradi 0.22 volti 630. Ni kidude kama tofali dogo chenye miguu miwili, bei yake haifiki hata ya plagi. Halafu fanya hivi: vua flaiwili, kata waya wa kondensa ya zamani uitoe kabisa. Usiiache humo, nimeona watu wanaongeza mpya nje wanaiacha mbovu ndani, inaendelea kuvujisha na hamna kilichobadilika. Waya unaotoka kwenye platini unakuja mpaka kwenye koili ya nje, basi hapo kwenye koili ndo unafunga mguu mmoja wa kondensa mpya, mguu wa pili kwenye bodi, palipokwanguliwa rangi mpaka chuma cheupe. Miguu ni myembamba, injini inatetemeka, kwa hiyo usiiache ining'inie, unga waya laini kwa solda, ivishe mpira wa kubana kwa joto, na kidude chenyewe kifunge kwa zipu tai kwenye kitu kisichotikisika. Kama hupati ya filamu, kondensa ya gari la zamani la platini nayo inafaa, ya Land Rover au Peugeot 504, ni kubwa kwa hiyo inahimili, na ina mguu wake wa kufungia boliti.

Tukafunga hiyo ya fundi redio. Tukatoka saa saba mchana, jua kali, Mwanakwerekwe, Tunguu, tukapita bila kusimama mpaka Paje. Nikamwambia azime. Akapiga kiki moja, ikawaka. Tukachungulia platini kivulini, zilikuwa zinatoa kicheche kama cha kiberiti kilicholowa.

HATUA YA 6: Kwa wenye CDI

Chomoa waya, pima kwenye zinazotoka kwenye sahani ya koili. Kijani na nyeupe isome karibu ohmu 500. Nyekundu na nyeupe isome karibu ohmu 110. Pima baridi na pima ya moto. Zikiwa sawa ndo ufikirie boksi, na kabla hujanunua boksi kwangua pale linapofungwa kwenye injini maana bila bodi nzuri, yaani chuma kugusa chuma umeme upite, halitoi moto. Tenganisha pia waya wa kijani unaokwenda kwenye swichi ya kuzimia, swichi ikiwa na kutu inazima chombo saa zote.

Waya za Italia za miaka ile maganda yake yanabomoka kama biskuti ukizikunja. Kabla ya kununua sahani nzima, zibadilishe waya tu, za kuhimili joto, kwa solda. Koili zenyewe nyingi bado nzima. Sahani mpya za bei rahisi nimezifungua mara kadhaa nikakuta solda haijashika, mguso tu.

Boksi napenda la Ducati.

HATUA YA 7: Kununua

Vitu vidogo Darajani na Kariakoo, ila uwe na mita na cha kulinganishia. Kwa platini na boksi, kama una ndugu Ulaya mtume, Ujerumani kuna duka la SIP pale Landsberg wana michoro ya kila modeli, unampa namba ya injini na namba ya spea, usimpe jina la spea kwa Kiswahili chetu cha gereji ataleta kingine. Kutoka India zinakuja nzuri na mbaya kwenye meza moja, platini za Bajaj baadhi zinaingia kwenye Sprint, ndo ulinganishe.

Koili ya nje usiweke ya pikipiki ya betri ya volti 12 kwa sababu tu ina umbo zuri. Mfumo wa sumaku wa Sprint unataka koili yake.

HATUA YA 8: Kufunga na taimingi

Nati ya flaiwili ukiilegeza inalegea, halafu inakaza tena, hapo endelea, inaivuta flaiwili yenyewe. Kama ile ringi ya kubana haipo utahitaji puli, usigonge nyundo. Angalia kabari ya nusu mwezi isiwe imekatika.

Taimingi kwa mita haikubali ukiacha waya umeunganishwa, inalia muda wote kwa sababu umeme wa mita unapita kwenye koili. Chomoa waya wa koili kwanza. Au tumia karatasi ya sigara kati ya platini, ivute taratibu huku unazungusha flaiwili, inapoachia ndo zimefunguka, na alama ya flaiwili iwe imekutana na alama ya kasha hapo hapo. Kijana aliipata mara ya nne, na ile fila kaomba abaki nayo.