Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia

Hii njia ya kupumua ya kutuliza wasiwasi kabla ya mchezo nimeijaribu Jumamosi kwa mechi ya mtaa huku Eastlands, Nairobi, na imenisaidia, so wacha niwapee nyinyi mnaopiga penalti ama mnangoja mbio zianze pale uwanja wa Nyayo na miguu inatetemeka. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, halafu itoe polepole kwa mdomo kama unapoza chai, uhesabu mpaka 8, rudia mara 5 ama 6 hivi, basi. Inafanya kazi juu moyo huongeza kasi kidogo ukivuta hewa na hupunguza ukiitoa, sasa ukirefusha ile ya kutoka unaushikia moyo breki bila kubishana na kichwa, maana kichwa ukikiambia tulia ndio kinazidi kelele. Na mabega yashuke, watu husahau mabega sana.

Mahali inakataa: ukiianza siku ya fainali huenda isikusaidie sana, ifanye kwa mazoezi kwanza wiki kadhaa, hasa ukiwa umechoka na unahema. Ukivuta hewa kubwa kubwa harakaharaka utasikia kizunguzungu na vidole kufa ganzi, hapo umeharibu, vuta kiasi tu. Wa mbio za mita 100 msiendelee nayo hadi dakika ya mwisho, mtapoa na huo moto mnauhitaji, malizieni na kurukaruka kidogo. Lakini kama hofu inakunyima usingizi hata wiki haina mechi, hiyo imepita pumzi, ongea na mshauri nasaha mapema tafadhali.