Chipsi za oveni zisizolegea, navyopika mimi hapa Kigoma

Jamani chipsi za oveni zinakauka vizuri tu, adui ni maji. Mwanzo nilikuwa nakata viazi, naosha, natupia kwenye trei vikiwa vimelowa hivyo hivyo, nusu saa nafungua vimelegea kama vya kuchemsha, kumbe vilikuwa vinaiva kwa mvuke wa maji yake vyenyewe.

Chukua kilo moja ya viazi mviringo. Pale soko la Mwanga mi nachagua mwenyewe kwa mkono, vikubwa, vigumu, visivyoanza kuota, na chenye kijani kiache maana kina sumu na ni kichungu. Menya, kata unene wa kama sentimita 1 na vilingane, la sivyo vyembamba vitaungua vinene vikiwa bado vibichi.

Loweka maji baridi nusu saa. Maji yatakuwa meupe kama ya kuoshea mchele, ule ni wanga, mwaga, suuza mpaka yatoke safi. Halafu hapa usiwe na haraka kabisa, mimina viazi kwenye kitambaa kisafi au kanga kuukuu, kunja, gandamiza, viache dakika 10 vipate hewa, futa tena, yaani ukishika kipande vidole vibaki vikavu.

Wakati huo oveni iwe imeshawaka, nyuzi 220 za Selsiasi, na trei tupu iko ndani inapata moto, viazi vikigusa bati la moto vinaanza kukauka palepale.

Mafuta vijiko 3 vya chakula vinatosha. Sisi huku mawese hayakosekani ndani, kwa hiyo naweka kijiko kimoja cha mawese na viwili vya alizeti, na mawese yakiwa yameganda yayeyushe kwanza. Usiweke mawese matupu, harufu yake inameza ladha ya kiazi, halafu ile rangi nyekundu inakudanganya unadhani vimeiva kumbe ndani bado. Changanya kwa mikono mpaka kila kipande king'ae. Chumvi bado, usiitie sasa, inavuta maji.

Tandaza visilaliane, trei ikiwa ndogo gawa mara mbili. Dakika 20, geuza, halafu 15 hivi tena. Ukitikisa trei sikiliza, vikigongana kwa mlio mkavu vimeshakuwa, vikiburuzika kimya rudisha. Umeme ukikatika katikati usifungue mlango, joto la ndani litaendelea kuvipika kidogo, umeme usiporudi vimalizie kwenye kikaango.

Ukitoa tu nyunyiza chumvi, weka na mgebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) wa kukaanga na kachumbari yenye ndimu, mle zikiwa za moto. Usije ukazifungia kwenye hotipoti kumsubirishia mtu, dakika 5 tu mvuke umeshazilegeza zote, bora anayechelewa umbakizie viazi vibichi kwenye maji umpikie akifika.