Jinsi ya kukusanya wasanii wa mtaani mkafanya kitu kimoja kikaisha (tumeiba kwa Wafilipino)

Nianze na aibu yetu kwanza. Mara ya kwanza tulipojaribu kukusanya vijana wasanii hapa Amu (Lamu, pwani ya Kenya) tulikodi ukumbi, viti mia, spika mbili, bango kubwa limeandikwa "Vijana kwa Mabadiliko", na mfadhili mmoja akaahidi fea za watu alafu siku yenyewe simu hashiki. Watu wakaja, wakasikiza hotuba nne, wakala sambusa, wakauliza fea iko wapi. Basi. Kilichotoka pale ni picha ya pamoja tu, na mimi kwenye hiyo picha nimefumba macho.

Sasa kaka yangu ni baharia, na kama una mtu melini unajua mwenyewe, Wafilipino hawakosekani. Akanieleza wanachokiita bayanihan: zamani huko vijijini kwao mtu akihama hahamishi vyombo tu, anahamisha nyumba yenyewe, kibanda cha mianzi na makuti, wanaume wanapitisha magogo ya mianzi chini ya sakafu, wanaitia mabegani, twende, na mwenye nyumba kazi yake kuwalisha. Nikamwambia hiyo si harambee tu. Akasema harambee yenu mnachanga pesa, hawa wanabeba nyumba. Nikanyamaza, manake ni kweli, lakini alafu nikakumbuka kushua jahazi. Kushua jahazi hakuna hotuba. Maji yakijaa kila mtu ashike kamba, chombo kiingie majini, watu wale chakula, waende zao. Ndivyo mkutano wenu unavyotakiwa uwe.

Kwaio anza na shida moja, na iwe ndogo. Usiseme mazingira, usiseme ajira, sema punda anakula plastiki pale Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome. Sisi ndio tuliyochagua, sababu kila mtu amemuona yule punda amesimama kando ya lundo, mfuko nusu uko ndani nusu unaning'inia mdomoni, anautafuna pole pole kama mtu na tambuu. Mifuko ilipigwa marufuku tangu 2017 lakini bado inaonekana, na vile vipakiti vya sabuni na krispi ndio havina hesabu. Wafilipino nao hili wanalijua, kwao kununua kidogo kidogo kunaitwa tingi na duka dogo limejaa vipakiti kama letu la kadogo. Ukitaja shida ya namna hiyo mchoraji anajua achore nini, mwimbaji anajua aimbe nini. Ukisema "mabadiliko ya jamii" kila mtu anatazama simu.

Watu: kumi na mbili wanatosha, wakizidi ishirini ni harusi. Na usichukue wa aina moja. Tafuta mchonga nakshi, mpiga picha, mtunga mashairi, dada wa kupaka hina (hawa wana mkono kuliko wachoraji wengi, na hakuna anayewaita), yule kijana wa kuedit video kwa simu, msuka mikeka kutoka kijiji cha Matondoni. Pale Manila kuna kundi la maigizo linaitwa PETA, lilianzishwa 1967 na Cecile Guidote, na warsha zao huchanganya kuigiza, kuchora, muziki na kuandika, mchoraji anaambiwa aigize na mwimbaji anashikishwa brashi. Jaribuni. Mwanzo ni aibu tupu lakini watu wanaacha kujionyesha, na hiyo peke yake ni faida.

Mahali, msikodi. Hao PETA jukwaa lao la kwanza lilikuwa wazi, halina paa, ndani ya magofu ya Fort Santiago, ngome ya Wahispania iliyowahi kuwa jela. Nilipoisoma hiyo nilicheka, sababu ngome yetu nayo ilikuwa jela mpaka 1984 na leo ni makumbusho na maktaba, na mbele yake kuna kivuli na mabaraza ya bure. Kaeni hapo.

Saa ndio watu wengi wanakosea. Baina ya alasiri na magharibi, usipite. Ukiweka usiku umewafukuza wasichana, ukiweka asubuhi umewafukuza wanaofanya kazi. Na tazama maji kabla ya kutangaza siku, yakikupwa sana mtu wa Matondoni au Kipungani anakwama njiani, atakuja mnapokunja mikeka. Wasichana usiwaalike kwa WhatsApp tu, nenda kwa mama zao, tena uende na dadako, ukaribie kwa salamu, unywe chai, useme ni wapi, saa ngapi na nani atawarudisha. Sisi tulifanya hivyo mara ya pili wakaja watano, mara ya kwanza alikuja mmoja na akaondoka mapema.

Ruhusa. Aprili 2021, wakati wa korona, dada mmoja anaitwa Ana Patricia Non aliweka mkokoteni wa mianzi barabara ya Maginhawa, Quezon City huko Ufilipino, una mchele na mboga, na kibao cha kadi kinachosema toa kwa uwezo wako, chukua kwa haja yako. Ndani ya siku chache mikokoteni kama ule ikatapakaa nchi nzima. Alafu akaanza kusingiziwa ukomunisti mitandaoni, polisi wanauliza uliza, ikabidi afunge siku moja akihofia usalama ndio akafungua tena. Na huo ni mchele tu! Kwaio wewe mapema mwambie mzee wa mtaa na chifu, na kama ni mkutano wa hadhara au maandamano sheria yetu inataka notisi kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) si chini ya siku 3 na si zaidi ya 14 kabla. Toa kopi mbili, yako wagonge muhuri ubaki nayo mfukoni.

Pesa: semeni mapema kwamba hakuna fea, kuna chakula. Sisi tulichanga, mtu mahamri, mtu mbaazi, mtu sharubati ya ukwaju, na anayetoka mbali kwa boti ndio pekee analipiwa. Kuna atakayenuna. Mwache anune.

Siku yenyewe iendavyo: nusu saa mwende mkaione shida kwa miguu, msiijadili. Sisi tulipita Usita wa Mui, barabara kuu ya mji, mpaka mtaa wa Langoni na gunia, kila mtu aokote alichokiona. Mkirudi mwageni chini katikati, ndio mada hiyo. Alafu gawanyikeni watatu watatu wasiojuana, saa moja na nusu, na kila kundi litoe kitu kinachoweza kutumika kesho, si wazo. Kundi moja lilichora magunia matupu ya kutundika milangoni mwa maduka yawe ya taka, na mtunga mashairi wetu akampa punda sauti, dada wa hina akaandika juu ya gunia kwa rangi nyeusi:

Mchanga wako nabeba, mawe yako nayabeba,
kutwa hata sikushiba, mfuko ndio mahaba?

Gunia la kwanza tulilitundika kabla ya adhana ya magharibi. Mwenye duka alisoma mara mbili, akamwita jirani aje asome.

Jambo la mwisho, namba za watu wote na ratiba zikae kwa watu wawili au watatu, si kwa mmoja. Marcos, rais wa Ufilipino, alipotangaza utawala wa kijeshi 1972 Guidote aliishia uhamishoni, na PETA ikaendelea bila yeye. Sisi hatuna Marcos, lakini mwenye grupu letu alipata kazi Mombasa akaenda na laini yake, tukakaa miezi miwili tunatafutana mtaani mmoja mmoja. Mkutano ujao ni Alhamisi baada ya alasiri, atakayekuja aje na gunia.