Jinsi ya kujua umri wa udongo wa Kilwa kwa kutumia visukuku vidogo

Wakuu, udongo wa kijivu wa Kilwa wa miaka milioni 34 na ule wa milioni 45 ukiushika mkononi ni mapacha, macho hayakusaidii kitu. Wa kuulizwa ni visukuku (mabaki ya viumbe vya kale) vya foraminifera, viumbe vya baharini vya seli moja vyenye kigamba cha chokaa, wengi hawafiki hata milimita moja.

Chukua bonge kama ngumi kutoka kwenye kisima cha utafiti ulichochimba, kwangua nje yote, andika limetoka mita ngapi chini. Likaushe kabisa ndo uloweke, udongo mkavu ukikutana na maji unasambaratika wenyewe, ukiulazimisha ukiwa mbichi utahangaika nao siku nzima. Mimina kwenye chekeche lenye matundu ya maikroni 63 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) uoshe taratibu mpaka maji ya chini yawe masafi, usisugue kwa kidole utavunja miiba ya vigamba. Kaushia kwenye oveni ya moto mdogo. Kabla ya sampuli nyingine lichovye chekeche kwenye methilini bluu (rangi ya maabara), baadae ukikuta kigamba cha bluu ujue ni mabaki ya sampuli iliyopita (wengi wanairuka hii alafu wanashangaa majibu).

Sasa tandaza kwenye trei nyeusi chini ya hadubini, okota kimoja kimoja kwa ncha ya brashi yenye maji. Wa Kilwa wana raha yake bana, udongo umewatunza mpaka wanang'aa kama kioo. Mtafute Hantkenina, aina mojawapo ya foraminifera, huyo humpotezi, kila chumba kina mwiba wake anakuwa kama nyota. Alitoweka mwisho wa Eosini (enzi ya kale ya dunia), kama miaka milioni 33.9 iliyopita, na mpaka rasmi wa Eosini na Oligosini, enzi iliyofuata, umewekwa Massignano, Italia, hapohapo anapoishia yeye. Kwahiyo anapoishia kwenye kisima chako na anapoishia kule ni wakati mmoja, hata kama kule ni mawe ya chokaa na kwako ni tope.

Ila usimwamini mmoja peke yake. Mikondo ya maji inafukua visukuku vya zamani inavilaza kwenye tope jipya, ukiwakuta wamechanganyika shika umri wa yule wa karibuni zaidi. Lakini kama unatumia vipande vinavyopanda na maji ya kuchimbia mambo yanageuka, maana kuta za juu zinaporomokea chini na wa karibuni ndo anakuwa muongo, hapo angalia tu ni mita ngapi kila aina inaanza kuonekana ukiwa unashuka.